Kiti cha Usukani, Kiwanja Namba Saba

Wiki ambayo korongo weupe hutua kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero ndiyo wiki ambayo mimi huanza kukagua soketi. Kambi ninayofanyia kazi iko ufukweni mwa ziwa, upande wa barabara iendayo Kombewa. Ina viwanja kumi na viwili vya magari ya kulala, na kila kiwanja kina nguzo fupi ya saruji yenye soketi ya umeme na bomba la maji. Nafungua nguzo moja baada ya nyingine, natoa viota vya nyigu, nakaza skrubu zilizolegea, napima umeme, naandika kwenye daftari. Kisha nasubiri wageni.

Wageni wenyewe ni wazee wastaafu kutoka nchi za baridi. Huja Novemba na kuondoka kabla ya mvua kubwa. Wanaishi ndani ya malori yaliyojengewa nyumba mgongoni: kitanda, jiko, choo, rafu ya vitabu, mapazia. Wengine waliyaleta kwa meli hadi Mombasa, wengine waliyaendesha kutoka kwao mpaka hapa na hawakutaka tena kuyarudisha. Wakiondoka huyaacha kambini, nasi tunayatunza. Wafanyakazi waliwaita korongo tangu mwanzo, na wao walipojua maana yake walifurahi.

Nilifika kambini kama mfuaji nguo. Umeme nilijifunza kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo wageni waliacha, nikiwa na kamusi upande mmoja na bisibisi upande wa pili. Kitabu cha kwanza kilinichukua msimu mzima. Cha pili kilinichukua wiki tatu. Siku nilipofunga soketi yangu ya kwanza, mwenye kambi aliipima mwenyewe, akaguna, na kuanzia kesho yake akanipunguzia mashuka. Tangu hapo watu wananiita Mama Stima.

Miaka ile viwanja vyote vilijaa. Saa kumi jioni kila mzee alibeba kiti chake na kikombe chake, wakakaa duara karibu na maji. Waliazimana spana na dawa za mgongo. Walicheza karata na kushtakiana wizi wa karata. Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa hilo duara. Intaneti ilipoletwa, ni mimi niliyevuta kebo hadi nguzo ya katikati, na nilijivunia kazi hiyo. Msimu uliofuata duara lilikuwa na viti vitano. Wengine walikuwa ndani, wakizungumza na wajukuu kwenye kioo. Baadaye karatasi za forodha za magari zikawa ngumu zaidi, magoti yakawa mabaya zaidi, na madaktari wao wakaanza kuwakataza. Lori moja likauzwa, jingine likauzwa. Ijumaa zikaanza kuja familia za Nairobi na mahema na spika kubwa, zikiondoka Jumapili. Mwenye kambi, mtu wa ukoo wa Kihindi wenye maduka mjini kwa vizazi vitatu, alitazama hayo yote na akaanza kujenga nyumba ndogo za wikendi palipokuwa na viwanja. Simlaumu. Kambi ni biashara.

Halafu ziwa nalo likaja.

Nilikuwa nimechomeka mti wa kupimia maji, nimeupaka mistari ya rangi, na kila asubuhi saa moja nilisoma mstari na kuuandika. Viwanja namba moja hadi sita viko juu, kwenye kokoto. Saba hadi kumi na mbili viko chini, kwenye udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka kama mkate mkavu na wakati wa mvua hushika kiatu hadi mguu utoke peke yake. Maji yalichukua namba kumi na mbili kwanza. Yakachukua kumi na moja. Mwaka ule uliofuata yakachukua mpaka nane. Namba saba ndiyo iliyokuwa juu kidogo, kwa hiyo ndiyo iliyobaki.

Kwenye namba saba kulikuwa na lori la kijani la mume na mke ambao walikuwa wamekuja misimu kumi na minne. Mume tulimwita Mzee. Mke tulimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, na aliitikia jina hilo kuliko lake mwenyewe. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kitabu cha sarufi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, kiasi kwamba mlinzi wa lango alimwogopa. Mzee hakujifunza. Yeye aliongea na injini. Kila Novemba aliliingiza lori kiwanjani kwa pua, polepole, mpaka kioo cha mbele kilitazama ziwa moja kwa moja, akazima; wakati wa kuondoka alinipa funguo na kusema sentensi yake ya pekee ya Kiswahili: "Usukani wangu, mtu asiguse."

Mwaka jana waliondoka Machi kama kawaida. Julai binti yao aliniandikia ujumbe kwamba baba yake amefariki.

Nitaliandika kosa langu kama lilivyokuwa. Nilikuwa na funguo za lori kwenye droo yangu. Nilikuwa na daftari la maji, na daftari lilionyesha wazi, asubuhi baada ya asubuhi, kwamba maji yanakwenda namba saba. Ningeweza kuwasha lile lori mwezi wa Agosti, udongo ukiwa bado mgumu, na kulirudisha nyuma hadi kwenye kokoto kwa dakika kumi. Sikufanya hivyo. Kwanza nilijiambia kwamba marehemu alikataza. Kisha nilijiambia nimngoje mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilifungua mlango wa lori mara mbili, nikakitazama kile kiti kilichobonyea umbo la mtu mmoja, nikaufunga. Mimi ninayejisifu kwamba naamini tu kile nilichokipima. Mvua za vuli zilipoanza, magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama nusu.

Dani alifika Novemba, peke yake, kwa teksi, na begi moja. Alisimama pale kokoto zinapoishia akalitazama lori lake kwa muda mrefu.

"Limeinama," alisema.

"Limeinama mbele, Dani. Injini iko juu ya maji. Ndani ni pakavu, nimeangalia."

"Na je, laweza kutoka?"

Kabla sijajibu, mwenye kambi alikuja kumpa pole. Alikuwa mtu wa heshima, alivua kofia. Kisha alimweleza yaliyokuwa yamepangwa. Jumatatu lingekuja tingatinga kujenga tuta la udongo ufukweni kote, kuzuia maji yasifike kwenye nyumba mpya. Tuta lingepita nyuma ya namba saba. Kitakachokuwa upande wa maji siku hiyo kingebaki upande wa maji.

"Kuna mtu wa vyuma chakavu," aliongeza, akitazama chini. "Amekuja kuliona. Sitaki ufikiri kwamba mimi ndiye niliyemwita."

Jioni hiyo Dani alinikalisha kwenye ngazi ya lori, miguu yetu ikiwa juu ya maji, akaniambia mambo yalivyo. Binti yake alikuwa amemkatia tiketi ya kurudi, ya Jumatatu mchana. Kama lori litatoka, tiketi itabadilishwa na atakaa hadi Machi, kama misimu yote, ndani ya nyumba yake. Kama halitatoka, atapanda ndege, na huko kuna chumba kimeshatafutwa katika nyumba ya kutunzia wazee, chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari.

"Nimelala humu usiku mwingi kuliko nilivyolala katika nyumba yoyote," alisema. "Sikuja kuaga. Nimekuja kukaa."

Ilikuwa Alhamisi. Nilimwambia nitalitoa.

Trekta niliyoihitaji ilikuwa mjini, Kondele. Nilijua kwa sababu shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, huendesha trekta ya kuvuta trela za miwa huko Muhoroni, na wiki hiyo aliileta kwa fundi wa Kondele kubadilishiwa gia. Ilikuwa imeshapona. Nilikuwa sijaongea naye kwa miezi mingi, na sababu lazima niieleze, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki.

Mume wangu alipofariki, miaka tisa iliyopita, wazee wa boma letu huko Seme walitaka nirithiwe na huyo shemeji, kama desturi inavyosema. Kwa Kijaluo mjane huitwa mke wa kaburi, na hadi arithiwe kuna mambo mengi hayafanyiki kwake. Mojawapo ni nyumba. Hakuna mwanamume anayejenga nyumba ya mjane wala kugusa paa lake kabla ya jambo hilo kumalizika. Nilikataa kurithiwa. Sikupiga kelele, nilikataa tu, kila walipouliza. Hawakunifukuza. Paa ndilo lililoanza kuvuja, na hakuna fundi wa pale aliyekubali kupanda. Kila likizo nilihesabu sufuria za kukingia maji: mbili, tatu, tano. Shemeji mwenyewe hakuwa mtu mbaya, wala sidhani alinitaka. Lakini aliona aibu ya kukataliwa mbele ya watu, nami niliona aibu ya sufuria, basi tukawa tunapishana.

Nilimpigia simu. Ijumaa asubuhi niliisikia trekta kabla sijaiona.

"Mama Stima," alisema akishuka. "Wewe bado unasumbua dunia?"

"Dunia ndiyo inanisumbua. Umekuja na kamba ya chuma?"

"Nimekuja nayo. Na njaa pia nimekuja nayo."

Alizunguka lile lori mara mbili, suruali ameikunja magotini. Alipiga udongo kwa kisigino. Kisha akanyoosha kidole nyuma, kwenye alama mbili za matairi ambazo Mzee aliziacha alipoingia, zilizokuwa bado zinaonekana kwenye majani.

"Inatoka hapa. Sisi kwa miwa, trela ikikwama, inatoka na mlango ile iliingilia. Chini ya hizo alama udongo umeshakanyagwa. Umekuwa mgumu."

Mimi nilikuwa na kitabu cha lori mkononi, nimeweka karatasi kwenye ukurasa. Kitabu kilisema ndoano ya kuvutia iko mbele na ndiyo yenye nguvu. Na mbele, ukikata kushoto kando ya maji, kulikuwa na njia ya kokoto hatua ishirini tu. Nyuma ilikuwa hatua sitini.

"Tutavuta kwa mbele," nilisema. "Kitabu kinasema ndoano ya mbele."

"Hiyo kitabu imewahi kukwama?"

"Shemeji, funga kamba."

Alifunga. Nilipanda mwenyewe kwenye kiti cha usukani, safari hii bila kujipa muda wa kukitazama. Lori hilo breki zake hufunguka kwa upepo wa injini, kwa hiyo injini lazima iwake. Nilikuwa nimechaji betri usiku kucha na iliwaka mara ya tatu. Trekta ilivuta. Lori lilisogea, hatua moja, mbili, nami nikafurahi mapema. Kisha pua ikashuka. Sikuona kinachotokea kwa sababu nilikuwa ndani, na shemeji hakuona kwa sababu alikuwa ametazama mbele. Wakati mlinzi wa lango alipofika akipunga mikono na kupiga yowe, gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limechimba mtaro na maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi.

Nilizima. Dani alikuwa amesimama kwenye kokoto, mikono ameifumbata, na uso wake haukubadilika, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

"Kesho," shemeji alisema, akikunja kamba. "Na hiyo kitabu ukalie."

Sikulala mapema siku hiyo, lakini sina haja ya kueleza zaidi. Asubuhi nilikuwa na orodha ya makosa matatu. Nilivuta upande usiokanyagwa. Sikuweka kitu chini ya matairi. Na hapakuwa na mtu nje mwenye kujua wakati wa kusimamisha. Makosa yote matatu yalikuwa yangu, na yote yalirekebishika, kwa hiyo niliamka nikiwa na nguvu.

La kwanza shemeji alishalijibu. La pili tulilijibu pamoja. Alisema huko kwao huweka majani makavu ya miwa chini ya tairi, unene wa goti, lakini Muhoroni ni mbali. Nilimwonyesha magugu maji. Mwaka mzima vibarua wa kambi walikuwa wakiyatoa ziwani kwa uma na kuyarundika kando ya uzio, na kila mtu aliyalaani, na sasa yalikuwa milima mikavu ya kahawia. Shemeji alichukua konzi, akaifinya, akaivuta.

"Hii ni kama kamba," alisema. "Hii inashika."

Jumamosi nzima tulibeba magugu. Wafanyakazi wawili, mlinzi wa lango, shemeji, mimi, na Dani ambaye tulimkataza na hakukatazika. Tulichimba tope mbele ya kila tairi na nyuma yake, tukashindilia magugu, tukaweka mbao, tukaweka magugu tena, tukafuata alama za Mzee hadi kwenye kokoto. Niliipima njia hiyo kwa kamba. Hatua sitini na mbili.

La tatu lilikuwa la mtu wa kukaa nje. Huyo ni mimi, na filimbi ya mlinzi: mlio mmoja vuta, miwili simama. Shemeji kwenye trekta. Basi ilibaki kiti cha usukani, maana lori linalovutwa kinyumenyume bila mtu wa kulishika litageuka na kujilaza.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika. Nilimtazama mlinzi wa lango. Alikuwa na leseni ya udereva na huitaja mara kwa mara.

"Aa, Mama Stima. Hapana."

"Ni kushika usukani tu."

"Hiyo kiti ni ya marehemu. Nikikalia hiyo kiti, jioni nitakuwa nimeshamrithi Dani. Na pasipoti sina."

Wale wengine wawili walicheka hadi wakashikana. "Kaa tu, Bwana!" mmoja alisema. "Utapikiwa viazi mpaka Machi!"

"Kaa wewe! Wewe ndiye hujaoa."

"Mama yangu ataniua. Mkwe anayejua Kiswahili kumshinda!"

Walikuwa wanatania, lakini hakuna aliyesogea. Shemeji hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye trekta akitazama mikono yake.

"Wanacheka, lakini si uongo," alisema. "Nyumba ya mjane mtu haisongeshi hivi hivi."

"Ni gari," nilisema.

"Iko na kitanda?"

"Ndiyo."

"Iko na jiko?"

Nilitazama mapazia dirishani.

"Basi ni nyumba." Kisha akashusha sauti, na nilijua hasemi tena juu ya lori. "Mimi nilikatazwa kugusa nyumba moja miaka tisa. Unafikiri nilikuwa napenda?"

Wote waliijua hadithi hiyo. Ningeweza kukaa mimi kwenye kile kiti, kama Ijumaa, lakini Ijumaa ndiyo iliyotufikisha hapo, na hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama nje. Tingatinga lilikuwa linakuja kesho. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuwashinda wakati Dani alipokohoa.

"Samahani," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Nataka kuhakikisha kwamba nimeelewa. Mwanamume atakayeketi hapo atahesabiwa kuwa mume wangu?"

Mlinzi wa lango aliangalia viatu vyake. "Ni kama hivyo, Dani."

"Na nyumba yangu haiwezi kuhamishwa na mtu mwingine."

"Ni hivyo."

"Vyema. Basi nitaketi mimi. Siwezi kujirithi."

Shemeji alipiga usukani wa trekta kwa kiganja. "Ero! Ndiyo hiyo!" alisema. "Mwenye nyumba akienda na nyumba yake, hiyo si kuhama. Hiyo ni safari!"

Tatizo ni kwamba Dani hakuwa amewahi kuliendesha. Kwa miaka arobaini alikaa kiti cha pili akishika ramani. Tulipanda naye, na miguu yake haikufika kwenye breki, maana kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa miguu ya mtu mrefu na hakijasogezwa tangu lori linunuliwe. Reli zake zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilimwaga mafuta, nikangoja, nikaweka spana. Nati ya kwanza ilikubali, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikataa. Niliinua uso na kumwona Dani ameweka mkono kwenye ule mbonyeo wa kiti, ameutandaza.

"Naweza kutafuta mto badala yake," nilisema. "Tuache kiti kama kilivyo."

"Hapana," alisema. "Ilegeze."

Niliigonga kwa nyundo, ikalegea. Tulisogeza kiti mbele kwa upana wa viganja vitatu. Nilimfundisha kwa saa nzima, injini ikiwa imezimwa: macho kwenye kioo cha pembeni, mikono hapa na hapa, ukisikia miwili kanyaga. Alirudia kila neno kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha nikawasha injini, nikashuka, nikasimama majini hadi magotini pembeni mwa gurudumu la kushoto, nikapitia akilini orodha yangu, nikapuliza mlio mmoja.

Kamba ilikaza ikalia. Trekta ilitoa moshi mweusi. Kwa muda hapakuwa na kitu, ila magugu yakiguna chini ya matairi. Kisha lori likapumua, udongo ukaachia kwa sauti ya busu, na likaanza kuja. Hatua moja. Mbili. Tairi lilipanda juu ya magugu, likayameza, likapata chini pa kusimama. Nilitembea nalo. Kwenye hatua ya tatu gurudumu la mbele lilifika kwenye mdomo wa ule mtaro nilioutengeneza Ijumaa, na likaanza kuurudia kama ng'ombe anayejua njia ya maji. Nilipuliza miwili. Lori likasimama, limeinama vibaya.

Ilibidi nimwambie azungushe usukani, na hapo ndipo akili yangu ilipoganda. Linarudi nyuma, je, kushoto ni kulia? Nilikuwa nimeyasoma hayo, nilikuwa nimeyachora. Nilifungua mdomo, na kabla neno halijatoka niliona magurudumu yakigeuka yenyewe, taratibu, upande ambao nisingeusema. Dani alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatazama nyuma.

"Yeye hufanya hivi," alisema. "Puliza."

Nilipuliza. Lori lilijivuta kutoka kwenye mtaro, likaingia kwenye alama za zamani, na halikutoka tena ndani yake mpaka kokoto zilipoanza kulia chini ya matairi ya nyuma. Mlinzi wa lango alikuwa anakimbia mbele ya trekta akifungua njia kana kwamba kuna msafara wa rais. Tulilipeleka hadi kiwanja namba tatu. Dani alizima injini. Alikaa ndani dakika chache, na hakuna aliyemwendea. Kisha akatoa kichwa tena.

"Mama Stima. Umeme, tafadhali. Nataka kuchemsha chai ya watu sita."

Niliunganisha kebo. Binti yake alipopiga simu, Dani alimweleza kwa lugha yao, kwa maneno machache sana, huku akiosha vikombe. Jumatatu tingatinga lilikuja, na tuta likapita pale lilipopangwa kupita. Upande wa maji hapakuwa na kitu isipokuwa nguzo yangu ya namba saba, ambayo nilikuwa nimeshaikatia umeme.

Shemeji alingoja hadi wengine waondoke. Alikuwa anafuta tope kwenye kamba kwa magunia, polepole kuliko kazi ilivyohitaji.

"Hiyo paa yako," alisema. "Mabati iko?"

"Nilinunua kitambo. Yapo chini ya kitanda."

"Na misumari?"

"Iko."

"Nani atapanda?"

"Mimi nitapanda."

Alifikiri. "Mimi niko na ngazi," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwenye paa la nyumba yangu huko Seme, na majirani wakasimama kwenye ua kutazama. Ilinichukua siku mbili, kwa kuwa kazi ya mabati sikuwa nimeisomea. Shemeji alishika ngazi chini, uso ameugeuzia shambani. Mzee mmoja wa boma alipopita na kumuuliza anafanya nini hapo, alijibu bila kugeuka: "Nashika ngazi. Ngazi ni yangu."

Sasa ni Februari. Kambini yamebaki malori mawili, na mwenye kambi hajaniambia kama mwaka ujao kutakuwa na viwanja. Sijamuuliza. Nimekaza skrubu za nguzo zote sita za juu. Kila asubuhi, nikishasoma mti wa maji, Dani huwasha lori na kuliendesha kutoka namba tatu hadi langoni, halafu hurudi. Mlinzi humpigia saluti. Mwanzoni alichukua dakika ishirini; juzi alichukua nne. Ameligeuza pia: siku hizi pua inatazama lango, si ziwa.

Juzi tulikuwa tunapanga mambo ya kuondoka kwake Machi. Aliweka funguo mezani, na nikangoja ile sentensi ya Mzee, kwa mazoea.

"Ukiona maji yanakuja," alisema, "usiningoje. Keti."